Mkoba wa Upande wa Ekzosi

Nyuki walikuwa wamerudi. Inspekta Eustadia Kalunde aliwaona alipokuwa akivuka uwanja wa kituo na jalada kwapani. Walikuwa wanaizunguka ile pikipiki kuukuu iliyoegeshwa chini ya banda la vielelezo, wakitua, wakiruka, wakitua tena palepale nyuma ya kiti.

Konstebo Nikolaus alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi.

"Usisogee, afande. Hao si nyuki wa kawaida. Marehemu alikuwa bwana nyuki maisha yake yote. Wanamfuata."

"Wangekuwa wanamfuata yeye, wangekwenda makaburini," alisema Eustadia. "Niletee glavu na kamera."

Pikipiki ilikuwa BSA ya Kiingereza, ya kijani iliyofifia, yenye umri mkubwa kuliko mtu yeyote pale kituoni. Valentino Mihayo aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa mahari. Alipostaafu ubwana nyuki alitangaza kwamba ataiendesha kutoka Tabora hadi Ujiji kwa njia ya zamani ya misafara, ile aliyopita babu wa babu yake na pembe ya ndovu begani. Watu walimcheka. Akawajibu kwamba babu alikwenda kwa miguu na mzigo wa mwingine; yeye atakwenda amekaa na mzigo wake.

Hakufika Ujiji. Wiki mbili zilizopita, akirudi kutoka vijiji vya mbele ya Ntalikwa alikokwenda kwa safari ya majaribio, alikutwa amekufa karibu na kalavati. Aliyemkuta alikuwa Emilian Shija, mnunuzi wa asali mwenye ghala Itetemia, rafiki yake wa tangu shule. Emilian aliupeleka mwili hospitali kwa pikapu yake, akailaza pikipiki ghalani kwake, na kesho yake akaileta kituoni. Maelezo aliyosaini yalikuwa mafupi: alimkuta rafiki yake ameanguka, hakugusa kitu chochote, mikoba miwili ya ngozi ilikuwa mahali pake na haikuwa na kitu ndani.

Jalada likaandikwa: ajali.

Mtu mmoja tu alikataa. Alikuwa amekaa sasa hivi kwenye benchi la mapokezi, mgongo umenyooka, kitenge cheusi kimefungwa vizuri. Recheli, mjane wa Valentino, mkunga mstaafu. Kila siku alikuja, na kila siku aliambiwa asaini achukue pikipiki yake. Hakusaini. Ukoo ulimtuma shemeji yake kumwambia anawaaibisha. Alimjibu shemeji yake mbele ya askari wote: "Aibu ni kumzika ndugu yako bila kuuliza kilichomuua."

Eustadia alipiga magoti kando ya gurudumu la nyuma.

Jambo la kwanza alilijua tayari kutoka kwenye taarifa ya daktari, na ndilo lililomfanya aombe kulisoma upya jalada. Jeraha la Valentino lilikuwa moja, kisogoni. Viganja havikuchubuka. Magoti hayakuchubuka. Mtu anayerushwa na pikipiki hutanguliza mikono, hata akiwa mzee. Na pikipiki yenyewe ilikuwa imeumia kidogo mno: taa imevunjika kioo, pedali moja imepinda. Pikipiki iliyoua ilikuwa haina hata mkwaruzo kwenye tangi.

Jambo la pili lilikuwa la nyuki. Alipitisha kidole cha glavu chini ya keria, pale bati la kuzuia matope linapokutana na fremu. Kidole kikanata. Akakinusa.

"Asali," alisema.

Nikolaus alisogea hatua moja. "Asali ya wapi? Mikoba ilikuwa mitupu."

"Ndiyo. Ilete."

Konstebo aliileta mikoba ndani ya mfuko wake wa kielelezo. Ilikuwa mizuri, ya ngozi ya kahawia, mipana, sawa kwa sawa kama mapacha, yenye bizimu za shaba. Eustadia aliifungua mmoja baada ya mwingine, akapeleka pua ndani. Ilinuka ngozi mpya na harufu ya dukani. Hakukuwa na tone.

"Asali imevuja mpaka kwenye fremu," alisema, "lakini mikoba iliyokuwa juu ya fremu haina hata tone. Sasa niambie."

Nikolaus alifikiri. "Labda wapita njia waliiba asali, wakaichukua na mikoba yake."

"Halafu wakamwachia marehemu mikoba mipya ili asisikitike?"

Nikolaus alicheka, akajizuia alipomwona Recheli anawatazama kutoka benchini.

Eustadia aliuchukua mkoba wa kulia, akauning'iniza kwenye keria jinsi ulivyokuwa umening'inia siku ulipoletwa. Tumbo la mkoba likalala moja kwa moja juu ya ekzosi. Akaushika pale, akaugeuza, akaitazama ngozi mahali ilipogusana na lile bomba la chuma. Laini. Haikubabuka, haikukunjamana, haikuwa hata na doa.

"Piga picha hapa," alisema. "Na hapa." Alikuwa anaonyesha matundu mawili ya bolti upande wa kulia wa keria. Rangi iliyoyazunguka ilikuwa imekwanguliwa na spana, na chuma kilichobaki wazi ndio kwanza kilikuwa kinaanza kushika kutu. "Hapa palikuwa na kitu. Kimefunguliwa juzi juzi."

Alisimama, akaenda benchini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mzee alikwenda vijijini kufanya nini hasa?"

Recheli alimgeukia. "Hilo nililisema siku ya kwanza. Hakuna aliyeliandika."

"Liseme kwangu. Naandika."

"Wanunuzi wa Dar waliirudisha asali ya wafuga nyuki wetu. Walisema imechanganywa na maji ya sukari. Emilian akawaambia watu ni wao wenyewe walioichafua, akashusha bei. Valentino alisema haiwezekani. Akazunguka kila kijiji kuchukua chupa ya asali mbele ya mashahidi, na chupa moja akaitoa kwenye pipa la Emilian mwenyewe, likiwa tayari kwa safari, akaipiga lakiri hapohapo. Alikuwa anazileta zipimwe."

"Na mikoba? Hii ndiyo yake?"

"Sikuiona. Alisema ameishonesha kwa Parvin, Kanyenye. Aliondokea dukani kwake asubuhi ile, mimi nilikuwa kanisani kwenye semina ya akina mama."

*

Mrakibu Omari, mkuu wake wa upelelezi, alimsikiliza akiwa amesimama, ishara kwamba hakutaka kusikiliza kwa muda mrefu.

"Asali na mkoba ambao haukuungua. Ndiyo hoja yako?"

"Na jeraha la kisogoni, afande."

"Emilian Shija anaheshimika mji huu. Anatoa madawati. Ukimgusa ukakosea, mimi ndiye nitakayepigiwa simu. Funga jalada, Eustadia."

"Nikikosea nitakuandikia mwenyewe barua ya kujiuzulu. Lakini silifungi."

Omari alimkazia macho. Eustadia hakuyashusha yake.

*

Duka la Parvin lilikuwa kwenye mtaa wa nyuma wa Kanyenye, lenye milango ya mbao mizito na harufu ya turubai. Babu yake alikuwa akiwauzia watu wa reli masanduku ya bati; yeye aliuza mabegi ya shule, mahema, matandiko ya punda, na kwa mtu aliyejua kuuliza, alishona. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni.

Eustadia alimsalimia, akaiweka mikoba juu ya kaunta bila kusema neno.

Parvin alivaa miwani. "Hii ni ya hapa kwangu. Lakini imekufikiaje na kibandiko cha polisi?"

"Ilikuwa kwenye pikipiki ya Mzee Valentino alipokufa."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliikataa. Alisimama hapo ulipo wewe, akaikataa." Parvin alivua miwani. "Dada, mtu yule alinichosha. Nimewahi kuuza masanduku ya bibi harusi kwa matatizo machache kuliko yale. Kwanza nilimwonyesha makasha ya bati. Akayagonga kwa kidole, akasema barabara ya kwetu itayafanya yapige ngoma mpaka chupa zipasuke. Nikamwonyesha mifuko ya turubai. Akasema turubai jema, halipasui kitu, lakini halina umbo. Ukilijaza linatafuta gurudumu. Nikamletea ya plastiki, hata kuigusa hakuigusa. Mwisho nikashusha hii kutoka rafuni. Ngozi nzuri, nilijua ataipenda. Alikuja na rafiki yake siku hiyo, yule wa asali."

"Emilian?"

"Huyo. Akasema, 'Chukua hii, Vale, utaonekana kama gavana.' Kisha simu yake ikaita, akaondoka na pikapu yake. Mzee akabaki anaipimapima. Akaniambia, 'Mama Parvin, mikoba mapacha ni ya punda. Punda hana ekzosi. Pikipiki yangu ina moto kulia, kushoto hakuna. Huu wa kulia utaungua kabla sijaiona Ntalikwa.'"

Nikolaus, aliyekuwa anaandika mlangoni, aliinua kichwa.

"Kwa hiyo Emilian aliondoka akiamini mwenzake anainunua hii?" aliuliza Eustadia.

"Bila shaka. Mimi mwenyewe niliamini."

"Na mzee akachukua nini?"

"Nikamshonea. Wa kushoto mpana, wa nguo na vifaa. Wa kulia mwembamba, wenye vyumba vya chupa ndani, na mgongo wa bati. Na fundi wangu akamchomelea chuma cha kuuweka mbali na ekzosi, kama mkono uliokunjwa, bolti mbili. Kilifungwa asubuhi na mapema siku ya safari, hapo nje. Akaondoka kutoka hapo, anapiga honi kama kijana."

"Nani mwingine alikiona kile chuma?"

"Mimi, fundi, na yeye. Nani aamke saa hizo kuangalia bolti?"

"Na hii mapacha, nani aliinunua?"

Parvin aligeuza kibandiko cha polisi kwa kidole. "Nilikuwa Nzega harusini. Wifi yangu ndiye aliyeuza, kesho yake asubuhi, baada ya ile ajali. Nilimuuliza niliporudi. Anasema mwanaume fulani, amevaa kofia. Anachokumbuka ni kwamba hakuomba kupunguziwa. Alilipa akaondoka."

"Tabora nzima kuna mtu asiyeomba apunguziwe?" alisema Nikolaus.

"Ndiyo maana alimkumbuka."

Mtu mwenye kofia. Eustadia alijua wakili angelifanya nini jambo hilo mahakamani. Alitazama juu rafuni. "Umebakiwa na nyingine kama hii?"

"Jozi moja."

"Niazime mkoba mmoja. Kielelezo hakichomwi."

*

Walipofika Itetemia, pikipiki ikiwa nyuma ya gari la polisi, uwanja wa ghala la Emilian ulikuwa umejaa. Ilikuwa siku ya kupokea asali. Warina asali walikaa kwenye kivuli cha ukuta na ndoo zao zenye vifuniko, wanaume kwa wanawake, wakisubiri mizani. Mwenyekiti wa kikundi chao, Anifa, mwanamke mrefu mwenye makovu ya kuumwa na nyuki mikononi, alimwona Recheli akishuka kwenye gari, akainuka kumpokea. Wote wakainuka.

Emilian alitoka ofisini akijifuta mikono. Alikuwa mnene, nadhifu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Shemeji Recheli! Karibu. Afande, karibu. Mngenipigia ningekuja mwenyewe."

"Tumekuja kujaribu jambo dogo," alisema Eustadia. "Uliiona pikipiki kabla ya mtu yeyote. Nataka uwepo."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Una la kuficha kwao?"

Emilian alicheka, akawageukia warina asali kama mtu anayewaalika kwenye mchezo. "Sina. Endeleeni."

Nikolaus na dereva waliishusha pikipiki, wakaisimamisha kwenye stendi yake. Konstebo alipiga kiki. Haikuwaka. Akapiga tena, jasho likamtoka. Dereva naye akajaribu, kiki ikamrudi mguuni, akaruka huku akilaani. Watu wakaanza kucheka.

Recheli alikabidhi mkoba wake wa mkononi kwa Anifa.

"Nipisheni."

"Mama, itakuumiza," alisema Nikolaus.

"Nimezalisha watoto wa nusu ya vijiji hivi nikifika na chombo hiki. Nipishe, mwanangu."

Alikunja kitenge, akakanyaga kiki polepole mpaka alipohisi mkazo, akaiachia irudi juu, kisha akaiangushia uzito wake wote. Injini ikakohoa. Akarudia. Ikawaka, nzito, ya pole, mdundo mmoja mmoja kama mtu anayetwanga. Recheli alibaki ameshika usukani. Hakuinamisha uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti ile tangu asubuhi Valentino alipoondoka.

Eustadia aliutundika mkoba wa kuazima upande wa kulia, ukalala juu ya ekzosi.

"Huu ni ndugu wa ule ulioletwa kituoni," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ngozi moja, umbo moja. Tungoje."

Hawakungoja sana. Kwanza ilikuja harufu, kama ya kwato zinazochomwa. Kisha uzi wa moshi ukapanda kutoka kwenye tumbo la mkoba. Eustadia aliuondoa, akauinua. Ngozi ilikuwa imekunjamana, nyeusi, upana wa kiganja.

"Pikipiki ikiwa imesimama," alisema. "Valentino aliendesha kutoka vijiji vya mbele ya Ntalikwa. Ule ulioletwa kituoni hauna hata doa. Haujawahi kusafiri na pikipiki hii hata kidogo."

Minong'ono ikapita kwa watu. Emilian aliisikia. Aliwatazama warina asali, kisha mkoba, na uso wake ukafura kwa hasira. Hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya wale anaowapimia.

"Upuuzi mtupu!" alisema. "Polisi mzima unakuja kuchoma ngozi uwanjani kwangu? Mkoba wa Vale haukugusa ekzosi! Alikuwa na chuma cha kuuzuia, kimejikunja hivi, bolti mbili. Kwa nini hamkukiweka? Mnadanganya watu!"

Eustadia alimwashiria Recheli azime injini. Akaizima.

"Chuma hicho ulikiona wapi?"

"Kwenye pikipiki. Wapi tena?"

"Lini?"

"Siku zote. Kila mtu anakijua."

"Kilifungwa asubuhi aliyoondoka, Kanyenye, mbele ya watu wawili ambao wameshaandika maelezo. Kabla ya hapo hakikuwepo duniani."

"Basi nilikiona nilipomkuta ameanguka."

"Ulipoileta pikipiki kituoni hakikuwepo. Nani alikifungua?"

Emilian aligeuka kuelekea ofisini.

"Maelezo uliyosaini yanasema hukugusa kitu chochote," aliendelea Eustadia. "Pikipiki ililala hapa ghalani kwako usiku mzima. Ililala na chuma, ikaamka bila chuma. Ililala na mikoba ya asali, ikaamka na mikoba ambayo Valentino aliikataa dukani baada ya wewe kuondoka."

Simu yake ilitetemeka mfukoni. Omari.

"Eustadia, uko Itetemia?"

"Ndiyo, afande."

"Nimepigiwa simu. Rudi kituoni."

"Nitarudi nikimaliza upekuzi."

"Upekuzi gani? Huna hati!"

"Sheria inaniruhusu pale ushahidi unapoweza kupotea, afande. Nikitoka hapa, utapotea. Shahidi huru ninaye." Alimtazama Anifa, ambaye aliitikia kwa kichwa. "Nitakuletea taarifa ya maandishi."

Akakata.

Ghala lilikuwa na ubaridi na harufu nzito ya nta. Upande mmoja mapipa ya asali, upande mwingine nta iliyoyeyushwa, ikagandishwa kwenye makarai na kupangwa kama mikate mikubwa ya manjano. Nikolaus alianza na ofisi, kisha pikapu, kisha magunia. Hakupata kitu. Emilian alisimama mlangoni mikono kifuani, utulivu wake umerudi.

"Mkimaliza mtafagia," alisema.

Eustadia alikuwa anazunguka kwenye nta. Nyuma kabisa, pembeni, palikuwa na pipa moja la chuma lililojaa nta hadi ukingoni, imeganda, juu imeanza kushika vumbi.

"Hii mbona imegandia humu?"

"Vijana walikosea."

"Nta ikigandia kwenye pipa utaitoaje?"

"Nitaiyeyusha tena. Ni nta yangu."

"Umekuwa na wiki mbili za kuiyeyusha. Bei ya nta imepanda, kila mtu hapa anajua, na wewe umeacha pipa zima lishike vumbi." Alimgeukia Nikolaus. "Tafuta tindo na nyundo."

Emilian alijitupa mbele ya pipa. Alilikumbatia, shavu lake juu ya nta. Ilibidi askari wawili wamwondoe.

Walilipasua pipa kutoka juu hadi chini. Nguzo ya nta ikaanguka sakafuni kwa kishindo, ikapasuka, na katikati ya umanjano ule kukatokea ulimi wa ngozi nyeusi na bizimu. Nikolaus aliendelea kuchonga taratibu, Anifa akiwa ameinama kandokando yake asikose kitu. Ukatoka mkoba mmoja mpana. Ukatoka mwingine mwembamba, wenye mgongo wa bati, na ndani yake vipande vya kioo vilivyoshikana na asali. Kikatoka chuma kilichokunjwa kama mkono, bolti zake zikiwa bado kwenye matundu. Chini kabisa ya mkoba mpana, ikiwa imefungwa kwa kitambaa kilichokaukiwa na damu, ikatoka spana ya magurudumu ya pikapu.

Recheli alitoa sauti fupi, kama mtu aliyechomwa. Anifa akamshika kiunoni.

Chupa moja haikuvunjika. Eustadia aliifuta nta kwa kidole. Lakiri ilikuwa nzima, na juu yake, kwa mwandiko wa Valentino, jina la ghala walilokuwa wamesimama ndani yake.

"Emilian Shija," alisema, "nakukamata kwa tuhuma za kumuua Valentino Mihayo. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

Walimtoa nje na pingu. Alipoyaona macho ya uwanja mzima yanamtazama, alisimama. Hakuinamisha kichwa.

"Nilimwambia anipe ile chupa moja tu!" alipaza sauti. "Moja! Zote nyingine angebaki nazo. Akanigeuzia mgongo, anafunga mkoba wake kama mimi si mtu. Mnanitazama nini? Ni nani aliyenunua asali yenu wakati wa mvua? Nani alikodi malori? Mkinipeleka ndani leo, kesho mtamuuzia nani? Mtainywa? Mtaiomba huruma mikoba ya Valentino? Mtarudi hapa mnalia, ninyi wote, na wewe shemeji wa kwanza!"

Recheli alijitoa mikononi mwa Anifa. Akamsogelea mpaka kati yao pakabaki nafasi ndogo sana.

"Mimi sina machozi ya kukulilia wewe," alisema. "Niliyonayo ni ya mume wangu. Na alikugeuzia mgongo kwa sababu ulikuwa rafiki yake. Adui angemtazama usoni."

Emilian alirudi nyuma hatua moja.

Kisha Anifa alitembea hadi kwenye mstari wa mizani, ambako ndoo yake ilikuwa ya kwanza, imeshapimwa, namba yake imeshaandikwa kwa chaki ubaoni. Alifuta namba kwa kiganja. Akakunja kata, akaiweka kichwani, akainama akaibeba ndoo. Alipita mbele ya Emilian bila kumtazama, akatoka getini.

Mzee mmoja wa Ntalikwa akafuata na ndoo mbili, moja kila mkono. Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kisha wengine, mmoja mmoja, bila haraka, kila mmoja akipita palepale mbele ya yule mtu mwenye pingu ili aione ndoo inavyoondoka. Emilian alikuwa akiwataja kwa majina, kwanza kwa amri, kisha kwa kubembeleza. Hakuna aliyegeuka.

Recheli alikuwa wa mwisho. Palibaki ndoo moja ya kikongwe aliyeshindwa kuiinua. Aliishika mpini upande mmoja, kikongwe akashika upande wa pili, wakaibeba pamoja kuelekea barabarani, ambako warina asali walikuwa tayari wameanza kutembea kwa mstari mrefu kuelekea mjini.

Mizani ikabaki tupu.